Hosta Aliyoipenda Norbert

Kila mwaka Arlys Hoekstra alisema huu ndio wa mwisho, na kila mwaka mwezi wa tano ulipofika na hosta zikachomoza vichwa vyao vya zambarau ardhini, alipiga magoti tena kuzitazama. Kushuka hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kuinuka. Alikuwa na ndoo ya rangi aliyoipindua, akiiegemea kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika mti, na akiwa katikati ya safari hiyo, si chini si juu, alijiuliza ni nani aliyemtuma.

Hakuna aliyemtuma. Hosta haizai tunda la kuliwa, na maua yake si ya kujisifia. Hupandwa kwa ajili ya majani tu, kivulini, mahali ambapo kila kitu kingine kimekataa. Mtu mwenye akili hupanda moja au mbili ukutani mwa nyumba, akaendelea na maisha yake. Lakini ziko za majani ya buluu, za manjano, za ukingo mweupe, zenye majani makubwa kama sinia na zenye majani madogo kama sikio la panya, na kila moja ina jina lake, na huo ndio mtego. Arlys alianza na kichaka kimoja cha kijani alichopewa na mama mkwe wake walipotoka shambani kuhamia mjini. Sasa hosta zilizunguka nyumba nzima, zikapita nyuma ya gereji, zikafika kwenye uzio wa jirani, kila moja na kibao chake cha plastiki, na watu wa chama cha hosta cha wilaya walimheshimu kwa namna sisi watu wa Iowa tunavyoheshimiana, yaani bila kumwambia.

Bustani ya namna hiyo inamla mtu. Mvua ikinyesha, koa hutoka wakatoboa majani. Isiponyesha, ni kuburuta mpira wa maji kutwa nzima. Baridi ikirudi ghafla, kama inavyopenda kurudi, ni kukimbia na mashuka machakavu kuzifunika kabla jua halijazama. Na kulungu wanaopanda kutoka mtoni, kwao hosta ni karamu. Kuwazuia lazima unyunyize dawa inayonuka mayai yaliyooza, na mvua ikiisuuza, unyunyize tena. Arlys alikuwa amepita miaka sabini. Alikuwa amewapikia watoto wa shule ya msingi tangu ujana hadi kustaafu, akisimama juu ya sakafu ya saruji, na magoti yake hayakuisahau ile saruji.

Mumewe Norbert, aliyefanya kazi kwenye maghala ya mahindi, hakuwahi kumsaidia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mahindi, na kwa mtu wa mahindi jani lisilotoa kitu ni gugu tu. Bustani nzima aliiita saladi ya kulungu.

"Arlys, naona saladi ya kulungu imestawi mwaka huu," alikuwa akisema, akipita na kikombe chake cha kahawa.

"Endelea tu. Ipo siku nitakupakulia kwenye sahani."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao juu ya hosta, katika ndoa ya miaka zaidi ya arobaini. Kisha, kiangazi cha kwanza baada ya kustaafu, Norbert akasimama mbele ya hosta moja nyuma ya gereji. Ilikuwa ya manjano iliyopauka, na juu ya manjano hayo palikuwa na mabaka ya kijani yaliyofuata mishipa ya jani, kama wino uliomwagikia karatasi iliyolowa. Arlys mwenyewe hakuwa ameyaona. Mwaka uliotangulia majani yale yalikuwa manjano matupu. Norbert aliitazama kwa muda, akapiga funda la kahawa.

"Hii si mbaya," akasema.

Mgeni angepita hapo asisikie kitu. Lakini mtu wa huku akila chakula kitamu kuliko vyote alivyowahi kula husema si mbaya, akioa husema si mbaya, na mwanawe akirudi mzima kutoka vitani husema si mbaya, kisha huenda kujifungia gerejini hadi macho yakauke. Arlys aliweka ndoo chini. Hakujibu, maana aliona akijibu ataharibu. Tangu siku hiyo Norbert aliipitia hosta ile kila asubuhi, akaimwagilia maji mwenyewe, hiyo moja tu, akiziruka za pembeni zenye kiu. Majira ya baridi ya pili moyo wake ulisimama akiwa anazoa theluji mlangoni, na hapo ndipo Arlys alipoanza kuchoka ule uchovu ambao mtu halali ukaisha.

Aliipa ile hosta jina la Norbert. Kwetu sisi watu wa hosta, mmea ukijibadilisha rangi wenyewe, mwenye bustani ana haki ya kuupa jina, na jina likishaandikishwa kwa wakubwa hudumu hata sote tukifa. Mwenyekiti wa chama, Merlin Vander Ploeg, mzee mwenye kofia isiyovuliwa, alimwahidi kwamba matembezi ya mwezi wa sita yakiisha, yeye mwenyewe atalipeleka jina hilo.

"Watu watampanda Norbert hadi Ujapani," alimwambia.

Arlys hakutaka jingine. Hawakujaliwa watoto. Jina la Norbert lilibaki kwenye jiwe la kaburi na kwenye bili ya umeme, na watu wa umeme walikwisha mwandikia kumwomba abadilishe.

Kila masika aliichimba hosta ile, akaiweka mezani na kuigawa kwa kisu cha mkate, maana hakuna kinachopasua shina la hosta kama kisu cha mkate, kisha akaendelea na nyingine zilizotaka kugawanywa. Kipande kimoja alikipanda kaburini. Vingine aliwapa wanachama wenzake, wote, isipokuwa Velda Tjaden.

Velda alikuwa rafiki yake tangu wakiwa mabibi harusi, akiishi mtaa wa pili, na kosa lake lilikuwa hili: kwenye maonyesho ya majani, ambapo kila mtu huleta jani moja ndani ya chupa, Velda aliyekuwa mwamuzi alilinyima jani la Arlys utepe wa mshindi wa kwanza kwa sababu ya tundu la koa lisilozidi kichwa cha pini. Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililouma. Tangu hapo walisalimiana vizuri sana, kama wasalimianavyo watu wasiosemeshana.

Siku ya matembezi wanachama walikuja na kofia zao za jua na mabakuli ya saladi ya viazi, wakajazana nyuma ya gereji kumtazama Norbert. Velda naye alikuja. Alingoja wengine wasogee, akainama, akaligeuza jani akatazama upande wa chini, kisha akaitazama hosta iliyokuwa kando yake. Wageni walipoondoka yeye alibaki kuosha vikombe, na hapo Arlys akajua kuna jambo, kwa kuwa vikombe vilikuwa vya karatasi vyote isipokuwa vitatu.

"Mvua imechelewa," Velda alisema, akifuta kikombe.

"Imechelewa."

"Soya za kule barabarani zimebaki fupi."

"Nimeziona."

Velda alitundika kitambaa, akachukua mkoba wake, akaaga, akaaga tena, akafika mlangoni na kushika kitasa. Huku kwetu neno lenyewe husemwa hapo, mkono ukiwa kitasani.

"Arlys, ile si rangi mpya. Ile ni virusi."

"Virusi vya nini?"

"Vya hosta. Ule wino unaofuata mishipa. Tulionyeshwa kwenye mkutano wa Des Moines mwaka ule ambao hukwenda. Mmea unaumwa, mwenzangu. Na ukiukata, kisu kinabeba."

Arlys alikuwa amesimama tangu alfajiri, na miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu. "Velda, kama ulitaka kipande ungesema tu."

"Nilikitaka. Sikatai. Lakini siyo hilo ninalosema."

"Ukitoka uuvute huo mlango kwa nguvu. Unakwama."

Habari zilifika mjini kote kabla ya chakula cha jioni, maana jirani alikuwa akichuma stroberi zake chini ya dirisha la jiko. Merlin akapiga simu.

"Usimsikilize yule. Hizo ni sizitaki mbichi hizi, basi. Amenyimwa, sasa anatia sumu kwenye mchuzi."

Wengine walisema hayo hayo kwa maneno ya upole zaidi, na Arlys aliwaamini wote, kwa sababu alitaka kuwaamini. Akipenda, chongo huita kengeza. Na huyu hakuwa amependa jani, alikuwa amempenda mtu. Lakini usingizi ulikataa. Mchana alikaa kwenye kiti cha Norbert akiitazama ile hosta, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyokasirika, hajui amkasirikie nani.

Siku moja, akiburuta mpira wa maji, aliona wino kwenye hosta nyingine, ile ya rangi ya ndimu karibu na benchi. Akajiambia ni kivuli cha matawi. Akasogeza tawi. Wino ukabaki. Alipofika kwenye uzio aliona nyingine, na kutoka gereji hadi uzio ni mwendo mrefu kwa mdudu yeyote. Mbili zile hazikuwahi kukaa karibu na Norbert. Kilichoziunganisha naye ni asubuhi moja ya masika, meza moja, na kisu cha mkate alichokipangusa kwenye aproni. Arlys alisimama pale mpira ukimwagika juu ya viatu vyake. Alijua kabla ya kukubali kujua. Kisha akaingia ndani na viatu vilivyolowa, akapiga simu.

"Velda. Una vipimo vya hivyo virusi?"

"Ninavyo."

"Basi njoo. Kahawa ipo."

Kipimo chenyewe ni kitu kidogo. Unaponda kipande cha jani ndani ya kifuko chenye maji ya dawa, unatumbukiza kikaratasi, unangoja. Mstari mmoja, mmea ni mzima. Miwili, basi. Walikaa pande mbili za meza ya jiko, kikaratasi kati yao, kahawa inapoa.

"Tulipokuwa tunatafuta mtoto nilikaa hapa hapa nikingoja mstari wa pili," Arlys alisema. "Haukuja hata mara moja."

Velda alimsogezea bakuli la sukari.

Mstari wa pili ukaja, kwanza hafifu, halafu wa wazi kabisa.

"Sasa ndiyo umekuja," Arlys akasema.

Walipima nyingine hadi vipimo vikaisha, na kila iliyokatwa siku moja na Norbert, baada yake, ilikuwa imeambukizwa. Hakuna dawa. Mmea wenye virusi hivyo hung'olewa wote na mizizi yake, hutiwa kwenye mfuko, hupelekwa na takataka. Hauwekwi hata kwenye mboji. Norbert aling'olewa kwanza. Arlys alitaka iwe hivyo, akijua akimwacha mwisho hatamtoa. Baada yake zikafuata hosta ambazo alizilea tangu alipokuwa na nywele nyeusi, na mifuko myeusi ikapangwa ukutani mwa gereji, na mahali palipokuwa na majani pakabaki mashimo.

Simu ndizo zilizomchosha kuliko sepetu. Aliwapigia wote aliowapa zawadi, mmoja mmoja, akisimama, kwa kuwa akiketi sauti ilimkatika. Wengi walisema "Sawa basi," neno ambalo kwetu linaweza kuwa msamaha na linaweza lisiwe. Ardith, mpole wao, hakusema hivyo.

"Ile mimi nilishaikata," alisema. "Nilimpa dada yangu. Halafu nikakata nyingine zote."

"Kwa kisu hicho hicho?"

"Kwani ningekuwa na vingapi, Arlys?"

Merlin ndiye aliyeudhi, maana alikuwa mwema. "Basi lile jina silipeleki," alisema.

"Usilipeleke."

"Pole."

"Haya." Akakata simu, akajilaza kwenye kochi na viatu vyake vya matope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wala kuruhusu mtu alifanye.

Velda alikuja kila asubuhi, na glavu zake na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akiipangusia sepetu baada ya kila shimo. Hakusema nilikwambia. Angesema, Arlys angepata mtu wa kumkasirikia, na angepumzika kidogo.

"Na zako?" Arlys alimwuliza siku moja, wamekaa juu ya ndoo mbili wakipumua.

"Zote nzima. Nimepima."

"Wewe sikukupa kipande."

"Hukunipa."

"Nilikunyima kwa makusudi."

"Najua. Choyo chako ndicho kilichoniokoa, kwa hiyo ahsante."

Walicheka, kisha Arlys akashika mgongo, kwa kuwa hata kucheka kulimuuma.

Bustani ilipokwisha, palibaki mahali pamoja tu, kaburini. Arlys alikuwa amepawaza tangu siku ya kipimo na alikuwa amenyamaza. Makaburini kwetu karibu kila kaburi lina hosta, ya mama wa mtu, iliyotoka shamba la mtu, na nyingine ni za zamani kuliko mawe yenyewe. Anayefyeka nyasi hupita na mashine yake kutoka kaburi la kwanza hadi la mwisho, akikata ncha za majani bila kutaka, na mashine hubeba ugonjwa kama kisu. Arlys alilijua hilo. Alijua pia kwamba hakuna atakayemwuliza. Ni mmea mmoja, alijiambia. Nimetoa yote, huu wanaweza kuniachia. Velda hupita pale kila Jumapili kwenda kwenye makaburi ya wazazi wake, macho anayo, na hakuwahi kuutaja.

"Imebaki moja," Arlys alisema asubuhi, Velda akiwa amekwisha vua glavu.

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ile siyo yangu kusema."

Walikwenda kwa gari la Velda. Mchana ulikuwa wa jua kali, mahindi ng'ambo ya barabara yamefika magotini, hapana mtu. Arlys alikataa kusaidiwa. Alipiga magoti, mkono mmoja juu ya jiwe la Norbert, akachimba kwa uangalifu kuizunguka, maana mzizi ukibaki ugonjwa unabaki. Kati ya zote, hii ndiyo iliyokuwa imestawi vizuri zaidi. Hakuna kulungu aliyeigusa. Aliitoa na udongo wake, akaitia ndani ya mfuko mweusi, akabaki vile vile, amepiga magoti mbele ya shimo.

"Hapa tusipande nyingine mwaka huu," Velda alisema. "Hata mwakani. Udongo upumzike."

"Mimi sipandi tena popote. Nimechoka, Velda. Muda wote ule nilingoja apende kitu kimoja tu katika bustani yangu. Akapenda ugonjwa. Na mimi nikauchukua nikausambaza mji mzima nikisema ni yeye."

Velda aliitazama sepetu yake. Aliipangusa, ingawa ilikwisha pangusika.

"Aliniomba nisikwambie," alisema.

"Nini?"

"Kiangazi kile alikuja kwangu. Hakushuka hata kwenye pikapu. Akasema, Velda, nataka kumwambia Arlys neno zuri juu ya bustani yake, lakini mimi zote naziona moja, nitataja ya ovyo anicheke. Nikamwambia chagua moja, ukariri ilipo, umsifie hiyo hiyo. Wiki iliyofuata akapita tena, akashusha kioo. Akasema amepata moja yenye madoa nyuma ya gereji, hiyo hawezi kuikosea."

Arlys hakuinua kichwa. "Kwa hiyo hakuipenda."

"Hosta? Norbert?" Velda alisema. "Hakujali hata kidogo. Aliniuliza kama inaliwa."

"Aliimwagilia kila asubuhi."

"Alikuwa anaogopa utamwuliza habari zake."

Arlys aliufunga mfuko fundo la kwanza, halafu la pili, akaunyoosha mkono kumpa Velda, na Velda akaupokea. Kisha, mchana kweupe, kando ya barabara ambapo yeyote angepita akamwona, akaliegemea jiwe kwa mikono yote miwili na kulia kwa sauti. Velda alipeleka mfuko garini, akausukuma nyuma kabisa ya kiti, akasimama huko akiyatazama mahindi mpaka alipoitwa kumsaidia kuinuka.